Siku Rubani 77 Alipoingia Ukumbini

Sokoni Rumonge siku hizi siitwi Hamisi tena. Naitwa Kama Haitakuwa Shida. Nikipita kwenye madumu ya mawese wale akina mama wanaitana, "Huyo, Kama Haitakuwa Shida anapita!", wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi nainamisha kichwa nakwenda zangu kushona (mimi ni fundi cherehani, nina mashine mbili na kioo kimoja chenye ufa). Afadhali niwaambie mwenyewe ilivyokuwa, maana kila mwingine anayesimulia anaongeza chumvi, na chumvi iliyomo inatosha kabisa.

Mambo yalianzia kwenye simu. Kuna mchezo wa vita vya angani ambao wengi wetu hapa tunaucheza: mnaingia watano, kila mtu na chombo chake, mnapambana na watano wengine ambao huwajui, wanaweza kuwa Uvira, wanaweza kuwa Kigoma, wanaweza kuwa nchi ambayo hata hujawahi kuisikia, na nyinyi wa timu moja mnasikilizana kwa kipaza sauti cha simu. Mimi nilikuwa kapiteni wa timu yetu, na tena nilikuwa mganga, yaani chombo changu kina kibunduki kidogo tu, kazi yake kubwa ni kufufua wenzangu walioangushwa. Sasa huko angani kuna lugha yake na adabu yake. Mchezaji mpya asiyejua kitu tunamwita ndagala, kile kisamaki kidogo cha ziwa letu, na aliyekomaa ni mukeke, samaki mkubwa wa ziwa hilohilo. Kulipua chombo ni kukikaanga. Kummalizia adui ambaye mwenzako ndiye aliyemchosha ni kuokota, na mwokotaji tunamhesabu sawa na mwizi wa kuku. Hakuna salamu, hakuna tafadhali, hakuna samahani, kwa sababu kabla hujamaliza kusema samahani umeshakaangwa, unasema "kushoto!", "rudi!", "nifufue!", basi. Na vita vikiisha, hata kama mmepigwa vibaya, mnawaandikia wenzenu "mechi nzuri". Asiyeandika hana malezi (mimi hiyo nilikuwa naisahau mara nyingi).

Nje ya mchezo nilikuwa mtu mwingine kabisa. Nilikuwa nimemposa Zaina, mwalimu wa shule ya msingi, wazee walikuwa wameshaelewana, na kilichobaki ni mama yake kutaja tarehe ya ndoa. Mama Zaina ni mjane. Anauza ndagala pale Magara, ananunua kwa wavuvi asubuhi, anaanika, anawauzia wafanyabiashara wanaotoka Bujumbura, na kwa kazi hiyo amelea watoto wanne peke yake. Nilikuwa nimeshakaa kwake mara mbili. Mnajua mtu anavyokaa kwa mama mkwe: ukingoni mwa kiti, macho chini, soda unainywa kidogo kidogo kama dawa, kila sentensi unaianza kwa samahani, na hata nzi akikutua usoni unamwacha apumzike. Zaina alinicheka sana, akaniambia mama yake amemwuliza kama nina ugonjwa wa koo.

Basi, mwenzetu wa tano akawa hapatikani tena alasiri, na siku moja mchezo wenyewe ukatuletea mtu wa kujaza nafasi yake, anaitwa Rubani 77, yaani hata jina hakujichagulia, alibaki na lile ambalo mchezo unampa kila mgeni. Hasemi kitu. Kipaza sauti chake kimefungwa, anasikiliza tu. Na alikuwa hajui, jamani! Aligonga mawe, akatupiga risasi sisi wenyewe, akapotea nyuma ya sayari mpaka vita vikaisha. Lakini kila alasiri saa tisa anarudi, na kila alasiri namfungulia mdomo. "Ndagala, wewe mzigo! Ndagala, nani alikupa simu?" Kuna siku nilimchosha adui kwa kibunduki changu dakika nzima, amebaki kidogo tu aanguke, Rubani 77 akatokea nyuma yangu akammaliza. Ameokota! Nikapiga kelele mpaka mteja aliyekuwa anasubiri suruali yake akaruka: "Mwizi wewe! Huna adabu! Mama yako hakukulea?" Vita vile tulivishinda, na Rubani 77 ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika "mechi nzuri". Nikubali pia kwamba baada ya wiki tatu alikuwa hagongi mawe tena, na tulikuwa tunashinda karibu kila siku.

Kisha watu wa mtaani wakaandaa mashindano, Jumamosi mchana, ndani ya ukumbi mmoja pale mjini, picha kubwa ukutani, na (Mungu awasamehe) wakaunganisha vipaza sauti vyetu na spika ili watazamaji wasikie makapiteni wanavyoamuru. Zawadi ilikuwa mbuzi. Ijumaa mwenzetu mmoja akalazwa na malaria, na kanuni ilikuwa watu watano ukumbini, mkipungua mmoja mnatolewa. Rafiki yangu Jumaine, fundi simu na mpigaji wetu mkuu, akasema ana binamu yake anaweza kujaza nafasi. Nikamwambia binamu yako ni mzito. Nikafanya jambo dogo sana, la vidole viwili: nikamwandikia Rubani 77, maana mchezo ulionyesha kwamba naye yuko Burundi. "Ndagala, kama uko karibu na Rumonge, njoo kesho saa nane. Ukija nitakuita mukeke." Akajibu neno moja: "Nakuja."

Saa nane ukumbi umejaa mpaka madirishani. Wauza mawese wako pale, wateja wangu wako pale, Zaina amekaa mstari wa pili amevaa gauni nililomshonea mwenyewe. Tumekaa wanne mezani, kiti cha tano kitupu, na mtangazaji anatuhesabia dakika. Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mama Zaina.

Nilisimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka. Nilifikiri kuna msiba. Nikamwendea, nikampa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, nikainama.

"Mama, amahoro. Samahani, nyumbani kuna tatizo?"

"Amahoro, mutoto wangu. Tatizo hakuna." Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa simu. "Rubani sabini na saba ni miye. Kiti yangu iko wapi?"

Jamani. Wiki tatu zikarudi mbele ya macho yangu, neno kwa neno, kila neno na siku yake. Mzigo. Nani alikupa simu. Na lile la mama yako hakukulea, nimemwambia nani, nimemwambia mama wa watu! Nikamtazama Zaina, naye amefunika mdomo kwa mikono miwili, ndipo nikajua kwamba hata yeye alikuwa hajui. Jumaine, ambaye alikuwa hamfahamu yule mama hata kidogo, akamvutia kiti akicheka: "Kumbe ndagala wetu ni weye! Karibu, mama!" Nilitamani sakafu inimeze na mashine zangu zote mbili.

Vita vikaanza. Mimi ndiye kapiteni, mimi ndiye natakiwa kuamuru, ukumbi mzima unanisikia, na chombo cha Rubani 77 kiko mbele kabisa, na kushoto kwake naona adui anakuja. Neno linalotakiwa ni moja tu, "kushoto!" Sasa niambieni, nani kati yenu anaweza kumpigia mama mkwe kelele namna hiyo, tena Zaina anatazama?

"Mama," nikasema, "samahani sana, sipendi kukusumbua, lakini kwa upande wako wa kushoto, kama haitakuwa shida, kuna..."

Puu!

"Nimekufa," akasema Mama Zaina kwa utulivu. "Ulikuwa unasema nini?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Kabla kicheko hakijaisha Jumaine naye akaangushwa, tena hatua chache tu kutoka kwangu. Adabu ya angani inasema mpigaji mkuu anafufuliwa kwanza, hiyo haina mjadala. Lakini mama mkwe amelala kule mbali peke yake, na mimi nimruke nimfufue Jumaine? Nikampita Jumaine. Nikakata katikati ya risasi, chombo kinawaka moto mabawa yote, naenda kwa mama.

"Hamisi!" Jumaine akapiga kelele. "Weye iko unafanya nini? Niko hapa! Unafufua ndagala mbele yangu?"

"Usimwite ndagala!" nikafoka. "Ni mama mkwe wangu!"

Spika ilipeleka neno hilo mpaka barabarani. Watu wakaanguka kwenye viti, mwanamke mmoja akatoka nje akilia kwa kucheka, na hata wapinzani wetu waliokuwa meza ya pili waligeuka kututazama wote watano, na bado wakatukaanga. Nilikaangwa wa mwisho, sijamfikia mama.

Nilikaa pale natazama simu, sina nguvu ya kuandika lolote. Kwenye picha ya ukutani likatokea "mechi nzuri" moja tu kutoka kwa timu yetu. La Rubani 77. Kisha yule mama akanigeukia, na kipaza sauti chake bado kiko wazi.

"Wiki tatu ulinitukana, tukashinda," akasema. "Leo umeniheshimu, tumekaangwa wote."

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka.

"Na ile jina, ndagala. Ndagala ndiyo ilisomesha Zaina. Bon. Miye niliingia mu ile mchezo juu weye unakujaka kwangu, unaongea kama biskuti imelala mu chai. Nikajiuliza, huyu mwanaume akiwa kwake anaongeaka namna gani? Zaina alisema unachezaka, nikatafuta jina lako, nikasikiliza. Sasa unielezee, Hamisi. Zaina ataishi na sauti gani, hii ya leo ao ile ya juzi?"

Kicheko kilikatika. Zaina alikuwa anasubiri jibu, amesimama, anaangalia mdomo wangu. Sauti ya leo ilikuwa ya uongo, na ya juzi ilikuwa aibu tupu. Nikaigeuza simu yangu kifudifudi mezani.

"Murakoze kwa kiti," akasema Mama Zaina, akafunga simu yake ndani ya kitenge. "Mambo ya tarehe, tutayaongea siku ingine." Akatoka kwenda kutafuta basi la Magara, na Zaina akamfuata bila kugeuka. Mbuzi akachukuliwa na wale wa meza ya pili.

Nilidhani Rubani 77 hatarudi tena. Jumatatu saa tisa akarudi, kipaza sauti kimefungwa, anasikiliza tu. Kesho yake pia. Zaina alikuwa anapokea simu zangu, lakini kwa maneno machache, kama mtu anayelipia kila neno. Nikaona hapa sina pa kujificha, lazima nitafute sauti ya tatu, fupi lakini isiyo na tusi. "Kushoto, mama." "Rudi, Jumaine, nakuja." Mwanzoni ulimi ulikuwa unauma, nasema kweli, matusi yalikuwa yamenizoea. Na nikaapa, na kiapo hicho sitakivunja hata wakinipa mbuzi kumi, kwamba mtu nisiyemwona sitamwambia tena neno ambalo siwezi kulisema nimekaa kwenye kiti cha Mama Zaina.

Alhamisi iliyopita mwenzetu mmoja hakuwepo, mchezo ukatuletea mgeni mwingine. Tumebakiza adui mmoja tu tushinde, yule mgeni akakosa njia, akanigonga mimi mwenyewe kwa nguvu zote, adui akapona. Mdomo ulifunguka wenyewe, lile neno likafika kwenye meno. Nikalimeza.

"Pole, ndugu," nikasema. "Mwanzoni wote tuligonga. Kaa nyuma yangu."

Halafu nikasikia kipaza sauti kimoja kinafunguliwa, upepo wa ziwa ukaingia, na wanawake wa Magara kwa mbali wanabishana bei.

"Hamisi."

"Naam, mama."

"Uniletee wazee wako siku ya Jumapili. Tuongee tarehe."

Simu ilinitoka mkononi ikaanguka juu ya cherehani, chombo changu kikakaangwa hapohapo, na aliyenikaanga nikamwandikia "mechi nzuri" mara tatu.