Matuta Matano

Sokoni kwetu Sumbawanga, ukitaja bei ya kweli kwa mara ya kwanza watu wanakuangalia kama mgonjwa. Nimeuza mahindi na maharage miaka mingi kiasi kwamba hata mke wangu akiniuliza nimekula vipande vingapi vya nyama, namtajia pungufu, yeye anaongeza, tunakutana katikati. Ndoa imedumu hivyo. Kwa hiyo mtaa uliponituma kwenda kuomba matuta, nilikwenda na akili ya sokoni, na ndiyo iliyotuharibia.

Shida ilianza na mama. Aliteleza kwenye kibaraza chake kule kijijini Mpui, akavunjika nyonga. Akapasuliwa, akawekewa chuma, kisha daktari akaniita pembeni. Alisema mama akae mjini, karibu na mazoezi ya hospitali, mpaka atembee bila magongo. Akikatisha, mguu utakauka ulivyo. Nikamleta kwangu, kwenye chumba cha mbele, maana vya nyuma vina ngazi. Dirisha la chumba hicho linatazama barabara kuu ya Tunduma, na barabara hiyo hailali.

Nilijaribu kuziba dirisha kwa magunia. Kelele haikupungua, ila chumba kikaanza kunuka kama ghala langu. Asubuhi moja nikamkuta mama ameketi kitandani, rozari mkononi, macho mekundu.

"Fumbo la tatu nimelianza mara nne," alisema. "Kila nikifika katikati linapita lori, najikuta namsalimu dereva badala ya Bikira Maria. Nirudishe Mpui."

"Na mazoezi, mama?"

"Mguu unapona kwa kulala. Hapa silali."

Nikamwomba mwezi mmoja. Akanipa wiki mbili. Tukakubaliana tatu, na nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa kudai mkutano.

Watu walijaa, kwa sababu hakuna aliyekuwa analala vizuri. Mama mmoja muuza dagaa akapendekeza tujengewe ukuta wa kuzuia sauti, kama alivyosikia wanafanya kwenye miji ya wenzetu.

"Ukuta!" jirani yangu akacheka. "Choo cha ofisi ya mtaa hakina mlango, wewe unataka ukuta!"

Mwingine akataka malori yakatazwe kupita usiku. Tukamwacha amalize, kwa heshima. Ndipo mimi nikasimama na kusema tuombe matuta. Lori likipunguza mwendo, kelele itapungua. Nilisema kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kuendesha hata pikipiki.

"Mangapi?" mwenyekiti akauliza.

"Tunahitaji mawili. Kwa hiyo tuombe matano."

Hakuna aliyeuliza hesabu hiyo imetoka wapi. Sote tunanunua nyanya soko lilelile.

Ofisi iliyohusika sitaitaja, kwa sababu bado naihitaji. Nilipokewa na injinia kijana, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Tunaomba matuta. Matano, na yawe makubwa."

Nikaegemea kiti, nikingoja akate. Nilikuwa nimejiandaa kulalamika akisema moja, kusikitika akisema mawili, kisha kukubali kwa shingo upande.

"Sawa," alisema. "Matano."

Mfanyabiashara yeyote anakijua kibaridi kile. Mteja akikubali bei yako ya kwanza bila hata kuguna, ujue kuna kitu hukukiona. Nikajaribu kurudi nyuma.

"Hata manne yanatosha, injinia. Hata matatu. Tusiisumbue serikali."

"Hapana, mzee wangu," akanishika bega kwa huruma. "Wananchi mmeomba matano, mtapata matano. Siku hizi hatukati maombi ya wananchi."

Maji ya bomba tumeyangoja mpaka tumesahau tuliyaomba kwa nani. Matuta yalifika kabla sijamaliza kuyatangaza. Matano, kama nilivyosema, na makubwa, kama nilivyosema.

Zamani lori lilipita kwa ngurumo moja likaenda zake. Sasa lilikohoa breki, likashusha gia, likapanda tuta, trela likadondoka nyuma yake na minyororo yote, kisha dereva akakanyaga mafuta kwa hasira, na kabla hasira haijaisha akakutana na tuta la pili. Lori lililojaa mahindi hunung'unika tu. Baya ni lile tupu: linagonga kama mtu aliyeangusha sufuria zote za harusi kwa kukusudia. Nyumba yetu ipo upande wa mjini, kabla tu ya tuta la kwanza, kwa hiyo tulipewa onyesho zima.

Baada ya usiku wa kwanza wa matuta, mama alinywa uji wake wa ulezi bila kuniangalia.

"Mwanangu, sisi tukitengeneza tuta tunafukia majani chini, juu tunapanda maharage. Nyie mmepanda nini humo?"

"Ni matuta ya barabarani, mama."

"Nimeyasikia," alisema. "Yameshaota."

Nikarudi kwa injinia. Safari hii nikaomba yaondolewe yote matano, nikiwa na maana ya matatu. Akanitazama kama mtu anayerudishiwa zawadi.

"Mzee, wananchi waliomba, serikali ikasikia. Sasa mnataka isisikie?"

"Isikie kidogo tu."

"Basi mkutano ukae, wananchi waridhie yaondoke."

Niliona hilo ni jambo dogo. Nani angekataa kulala? Nilichosahau kuhesabu ni mabanda. Lori likipunguza mwendo, utingo ananyoosha mkono dirishani, na mkono ulionyooshwa haukosi wa kuujaza. Tuta la kwanza tayari lilikuwa na mahindi ya kuchoma. La pili, karanga na mayai. La tatu lilikuwa na chai, maandazi na benchi la kukalia, na mwenye banda alikuwa mke wa mwenyekiti. La nne na la tano yalikuwa bado yanagombaniwa.

"Ndugu zangu," mwenyekiti alifungua mkutano, "maendeleo yana sauti yake."

Yeye analala nyuma ya kanisa, mbali na barabara, ambako maendeleo hayana sauti yoyote.

"Mwenyekiti," nikasema, "mama yangu halali. Akirudi Mpui mguu wake unakauka."

"Pole sana, kaka. Tunamwombea kwenye jumuiya."

"Mwombeeni na usingizi basi."

"Mzee," yule muuza dagaa akadakia, na sasa alikuwa anauza mayai, "si wewe uliyesema matano? Mimi nilisema ukuta!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Ikapigwa kura kwa kunyoosha mikono. Tuliotaka yaondoke nilituhesabu mara mbili, nikitumaini mara ya kwanza nilikuwa nimejisahau. Sikuwa nimejisahau.

Wiki tatu zikaisha. Nikaomba ya nne, mama akakataa hata kutaja bei. Mke wangu akafunga nguo za mama, nikakodi gari dogo, tukamlaza kiti cha nyuma na mto chini ya mguu. Nilikaa naye nikiushika mguu usicheze. Hospitali ilikuwa nyuma yetu, Mpui mbele, barabara hiyohiyo ya Tunduma.

Tuta la kwanza dereva alilipanda polepole kama anayebeba mayai. Mama akafumba macho.

"Hili uliliomba wewe?"

"Mtaa uliomba, mama."

Tuta la pili akanishika mkono. Kucha zake ziliingia.

"Na hili?"

La tatu likamtoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia hata siku aliyovunjika. Mke wa mwenyekiti akatupungia mkono wenye andazi. Nikamwambia dereva asimame. Nikaona hapo pana nafasi yangu, maana maumivu hulegeza msimamo.

"Mama, turudi nyumbani. Kule mbele bado yapo mengi, huwezi kuyamaliza."

Alifungua jicho moja.

"Yapo mawili. Kila lori lilikuwa linagonga mara tano. Nilikuwa nahesabu, ningefanya nini kingine?" Akavuta pumzi. "Nyuma matatu, mbele mawili. Mwambie aende."

Dereva alinitazama kwenye kioo, akingoja. Nilitafuta la kuongeza au la kupunguza, sikulipata.

"Nenda," nikasema. "Polepole."