Viganja vya Mgawa Karata

Jirani yangu wa ghorofa ya juu, hapa Riga, kazi yake ni kugawa karata mbele ya kamera, akiwachezesha kamari watu wa mtandaoni asiowaona. Kila akiondoka mezani sharti apige makofi mara moja, atanue vidole, ageuze viganja huku na huku, kamera ishuhudie kwamba hajaficha kitu. Basi na jikoni kwangu ni hivyo hivyo. Akinipa chumvi, viganja. Akikata mkate mweusi, viganja. Amenichosha.

"We mtoto, nani kasema umeniibia chumvi?"

"Samahani, Mama Velta, mikono imezoea," hunijibu kwa sauti ileile ya tabasamu anayowajibia walioliwa pesa wakamporomoshea matusi.

Jumamosi tulimzika mama yake. Alitupa mchanga kaburini mara tatu, kama ilivyo desturi yetu, kisha akasimama wima, akapiga makofi, akageuza viganja. Mjomba wake akanong'ona, "Sasa huyu anamwonyesha nani?" Mikono ikabaki juu hadi nilipokwenda kuishika.

"Tumeona, mwanangu. Ishushe sasa."