Hoho Iliyovishwa Soksi

Shangazi wa mume wangu ni dobi. Ukimwona mara ya kwanza utadhani ana hasira, maana pasi ya mkaa imemzoesha kukunja uso, lakini ni mtu wa kuongea na mashati. "Geuka, mpenzi," huliambia shati, "nikupige na mgongo."

Siku niliyojifungua alikuja wodini kuniona. Akasimama mlangoni, akatazama huku na huku, kisha akanipita. Akaenda moja kwa moja kitanda cha jirani yangu, mama ambaye hata hatukumjua, aliyekuwa anakula chakula alicholetewa na dada yake.

"Mwanangu, hiyo hoho ya njano umeipata wapi?"

"Sijui, mama. Nimeletewa."

"Usimeze."

"Nisimeze nini?"

"Mbegu. Tafuna taratibu, mbegu nitemee hapa." Akakinga kiganja.

Yule mama alikuwa ametoka leba muda si mrefu, hakuwa na nguvu za kubishana na mtu. Akatema. Shangazi akazipangusa zile mbegu moja moja, akazifunga kwenye leso, leso akaitia kifuani, ndipo akakumbuka amekuja kwa nani. Akamwinamia mwanangu, machozi yanamlengalenga.

"Kasichana kazuri jamani!"

Alikuwa mvulana.

Hoho yenyewe ni ndefu, njano, imejipinda kama kidole gumba, na ni tamu kiasi kwamba unaila mbichi kama tunda. Shangazi alipokuwa mdogo mama yake alimpa hiyo mkononi mahali pa pipi. Mama alipofariki mche nao ukakauka, na tangu hapo Shangazi akawa mtu wa kuzunguka masoko. Wauzaji walimwonyesha zile nene za kijani za kila siku. "Hizo ni hoho za watu," anawajibu, "mimi naitafuta ya kwetu."

Hofu yake ilikuwa moja, na aliniambia huku akinyunyizia shuka maji: yeye hakujaliwa mtoto, na mbegu ikibaki kwake peke yake, siku akiondoka imeondoka naye. Lazima ikae nyumba nyingi.

Basi mbegu za wodini zikaota, mche mmoja ukapona, ukazaa. Tukala. Sijui niseme nini, ulikuwa utamu mtupu. Shangazi akakausha mbegu juu ya gazeti, akagonga kila mlango wa mtaa wetu akigawa. Watu wakapanda kwenye makopo na mabeseni yaliyopasuka.

Matunda yalipoiva, kelele za kwanza zilitoka kwa Mama Pacha, jirani yetu wa mbele. Wale pacha walikuwa wametoa ndimi nje, mmoja akipumzika kulia mwenzake anapokea.

"Shangazi!" Mama Pacha akaita kutoka barabarani. "Umenipa hoho au umenipa kaa la moto?"

Ikawa hivyo mtaa mzima. Mama mtamu, watoto moto. Muuza mbegu wa sokoni ndiye aliyetueleza: nyuki walitoka kwenye pilipili kali ya jirani wakaingia kwenye maua ya Shangazi. Tunda la kwanza halikuonyesha kitu, ukali ulikuwa umelala kwenye mbegu. Mtaa ukalipokea jambo kwa namna yake. "Hoho ya Shangazi ilitoka nje ya ndoa," wakasema, na baba wa mtoto hakuwa wa kutafutwa. Kinyozi tunayepakana naye ukuta ana pilipili kali kwenye ndoo ya rangi, mlangoni kabisa.

Nilimbeba mwanangu nikamsindikiza Shangazi. Kinyozi alikuwa na mashine mkononi na mteja amefika nusu kichwa.

"Nimekuja kuhusu pilipili yako," Shangazi akasema.

"Imefanya nini?"

"Imenizalia nyumbani."

"Shangazi, pilipili yangu haijawahi kutoka. Iko kwenye ndoo tangu niinunue."

"Inatuma nyuki."

Mteja akageuka na nusu kichwa chake. "Kinyozi, hapo kubali yaishe. Mimi nilikana weee, kuja kuonyeshwa mtoto, sikio hili hili."

Kinyozi akakataa kuing'oa. Alisema ni heri afunge duka.

Ule mche wa kwanza ulikuwa bado uko hai uani kwetu, ndio tumaini pekee lililobaki. Muuza mbegu alisema ua lizibwe kabla halijafunguka, nyuki wasipate pa kuingilia. Na dobi hakosi kitu kimoja: soksi zilizopoteza wenzao. Shangazi akauvisha mche soksi, kila tawi lenye vichipukizi vya maua akalifunga na uzi. Nyeusi za ofisini, moja ya kuchezea mpira yenye mistari, na mbili za mwanangu kwa matawi madogo. Kila asubuhi akautikisa taratibu ili maua yajichavushe yenyewe humo ndani. Nami nilikuwa namtikisa wangu pembeni. Wapita njia walidhani tumeanika vibaya.

Askari wa getini, mteja wake wa siku nyingi, alisimama akakodoa macho.

"Dobi, ile ya bluu si soksi yangu? Ile yenye tundu la kidole?"

"Tundu nimelishona."

"Miaka yote nakuomba unishonee, unaniambia wewe si fundi!"

"Ulikuwa unavaa wewe. Sasa ukiivua unatoa mimba ya watu."

Askari akarudisha mkono. Tangu siku hiyo akawa anapita kuuliza, "Yangu imeshika?" Ilipovuliwa ikakutwa na kitunda kijani, alitangaza getini kwake kwamba soksi yake imezaa.

Safari hii Shangazi hakugawa kwanza. Alipanda mbegu mwenyewe, akangoja watoto wakue, wazae, matunda yaive. Akala moja mbele ya majirani, uso mkavu. Wakasema huyo amezoea moto wa pasi, hahesabiki. Akagonga milango na pakiti yake ya mbegu. Mama Pacha alimjibu dirishani: "Shangazi, nakupenda, lakini wanangu wakikuona wanaficha ulimi."

Alirudi na pakiti ile ile imejaa. Akaketi juu ya rundo la shuka, kisha akapiga pasi shati zima bila kuliambia neno. Hapo nilijua ameumia. Nilimwekea mwanangu mapajani, akampakata bila kumtazama.

Aliyekuja ni kinyozi. Utani wa wateja ulikuwa umemchosha, sasa walimwita Mkwe.

"Lete hiyo hoho," akasema. "Ikiwa kali, naing'oa pilipili yangu leo. Ikiwa tamu, utatangaza mtaa mzima kwamba pilipili yangu haina tabia mbaya."

Watu wakajaa uani. Kinyozi akang'ata, akafumba macho. Chozi likamtoka.

"Si mnaona!" Mama Pacha akapiga makofi.

"Subirini." Akatafuna. "Ni tamu."

"Sasa unalia nini?"

"Nilijiandaa."

Akachukua ya pili. Pacha wakamnyang'anya ya tatu, wakaila na kikonyo. Hapo ndipo mikono ikaanza kunyooshwa: Shangazi nipe na mimi, Shangazi usinisahau. Na yeye aliyekuwa anawabembeleza wachukue, sasa akakaa kwenye kiti kama mzazi aliyeletewa posa.

"Nyumbani una pilipili kali?"

"Moja tu, Shangazi."

"Inakaa wapi?"

"Dirishani."

"Dirisha linatazama kwa nani?"

Kila mtu alijibu, kila mtu akapata. Wa mwisho alikuwa kinyozi. Shangazi alimtazama sana, juu mpaka chini, halafu akammiminia mbegu kiganjani.

Asubuhi nilimtoa mwanangu juani. Nje ya duka la kinyozi wateja walikuwa wamesimama wima, kwa sababu kiti kilikuwa na mtu: ile ndoo, na pilipili kali imevishwa kitambaa cha kunyolea kuanzia juu mpaka chini.

"Lakini mbegu zako hata hazijaota!" nikamwambia.

"Naizoesha mapema, shemeji."

Shangazi akatoka na pasi yake mkononi, akaizunguka ndoo polepole.

"Nyuma umelegeza," akasema, akaiweka pasi chini, akafunga upya.