Pickup ya umeme ilivuka tope lote hadi kwa kambo (bibi), kisha ikakataa kufungua capot (boneti)

Wakuu, salamu kutoka Likasi.

Mimi bado ni mwanafunzi, wa ile sampuli ambayo prof akiingia darasani anatazama kwanza nimekaa wapi, ndipo afungue kitabu. Humu mnanijua kwa utani. Leo nawaletea jambo lililotupata sisi wenyewe, sijaongeza chumvi, na mkikutana na kicheko humu ndani jueni ni mazoea tu ya mdomo.

Kiswahili changu ni cha Katanga. Atakayekuja kunisahihisha ngeli, namsalimia mapema.

Baba yangu ni chauffeur, dereva, wa kampuni moja inayohudumia migodi. Maisha yake yote ni pickup za mazutu, yaani dizeli, zile zinazokohoa asubuhi mpaka jirani anaamka.

Masika haya kampuni ikaleta pickup moja ya umeme, ya kujaribu. Chef wa magari, mkubwa wake wa kazi, akamwambia: "Papa, chukua wikendi hii, uingie nayo mu tope ya kweli, utuambie."

Na sisi tulikuwa na tope letu.

Kambo yangu, mama yake baba, anaishi kijijini, ng'ambo ya Kamatanda, mbali na lami. Ana ugonjwa wa sukari. Kidonda cha mguuni kilikuwa kimeanza kunuka. Muuguzi wa kule alipanda kilimani kutafuta réseau ya simu, akampigia baba: mleteni hospitali haraka, mguu bado unaweza kupona, mkichelewa utakatwa.

Taxi zote zilikuwa zimekataa ile barabara. Kwa hiyo gari ile kwetu haikuwa mchezo. Ilikuwa mguu wa kambo.

Jumamosi asubuhi tukaondoka, mimi na baba.

Sasa sifa za gari, maana hili ni jukwaa la magari na sitaki kufukuzwa.

Ina mota mbili, moja mbele, moja nyuma. Hakuna gia za kuhangaika nazo, hakuna klachi. Ukikanyaga, nguvu yote inafika hapo hapo, hata ukitembea mwendo wa kinyonga. Tairi likianza kuzunguka bure kwenye tope, kompyuta inalikaba kabla wewe hujajua. Betri kubwa imelala chini ya sakafu, kwa hiyo gari haipepesuki. Ubaya wake ni uzito. Ikizama, imezama.

Tulipita lori mbili zilizonasa. Nilimwona baba anajizuia kutabasamu.

Kwenye mto mdogo tulikuta creuseurs, wachimbaji wa mkono, wanavusha magunia kwa kinga, yaani baiskeli. Mmoja akampigia baba kelele:

"Vieux! Usiingize courant ya umeme mu mayi, utatupika!"

Baba akatoa kichwa dirishani: "Toka kwanza mu mayi, nikupike weye ukiwa mukavu."

Tukaingia. Maji yalifika nusu ya mlango. Hakuna aliyepikwa. Betri kubwa imefungwa vizuri, haipitishi maji, na gari haina moteur, yaani injini, ya kuvuta hewa ikanywa mto. Ilitoka ng'ambo kama bata.

Kambo alikuwa amekaa mlangoni, mguu umefungwa kitambaa. Kwetu kambo humwita mjukuu wa kiume bwana yake, nami namwita muke wangu.

"Bwana yangu, hii motokari ni ya mapadri? Juu ya nini inanyamaza hivi?"

"Ni ya umeme, muke wangu."

"Umeme? Ku nyumba yangu haiyafika hata siku moja, na motokari iko nayo?"

Majirani wakamwingiza ndani kumwogesha. Na hapo ndipo baba alifanya kile ambacho kila chauffeur wa huku anafanya akiegesha karibu na kambi ya wachimbaji: alichomoa cosse, ile kamba ya betri, mwizi asiwashe gari. Ufunguo namba kumi, yaani spana, haumtoki mfukoni.

Alifungua capot kwa kubonyeza kwenye skrini. Akachungulia, akacheka: "Bamesahau moteur!" Mle ndani ni sanduku tupu, na chini yake, chini ya plastiki, betri ndogo ya volti kumi na mbili. Akafunga milango kwa kadi. Akafungua cosse. Akafunga capot. Pap.

Wakuu, hiyo pap naisikia mpaka leo.

Kwa msiojua: gari ya umeme ina betri mbili. Kubwa inazungusha magurudumu. Ndogo inaamsha kubwa, inafungua milango, inaachia breki, inafungua capot. Ndogo ikizimika, kubwa inakatwa pande zote, haiwezi kutoa hata cheche. Ni tajiri aliyefungiwa ndani ya nyumba yake, na boy amelala nje na funguo.

Na hiyo ndogo tulikuwa tumeifungia mahali ambapo yeye peke yake anafungua.

Kambo akatolewa nje, amebebwa kwenye kiti, amevaa pagne, kitenge chake cha misa. Vitasa vya milango, vile vinavyojificha, havikutokea. Kadi ya ufunguo, kimya. Capot haina tundu wala waya wa kuvuta.

"Fungua basi," kambo akasema.

"Inakataa, mama."

"Umeiambia kama niko mugonjwa?"

Baba akaokota jiwe akavunja kioo cha gari ya watu. Akaingia. Skrini nyeusi. Alipapasa chini ya usukani akitafuta mkono wa capot, kama kwenye mazutu zake. Hakuna. Breki ya nyuma imejifunga kwa umeme. Wachimbaji wakaja kusukuma, ikazidi kuzama tu.

Mmoja akasema: "Cobalt ya betri yake ilitoka huku. Imefika kwabo, haitaki kurudia."

Tulicheka wote. Hata baba. Ndiyo mara ya mwisho nimemsikia akicheka.

Mvua ikaanza. Kijana mmoja mwenye moto, pikipiki, akakubali kujaribu. Tukamweka kambo katikati, mimi nyuma nimemshika. Homa ilikuwa inamchoma mpaka naisikia kifuani kwangu. Mtoni maji yalikuwa yamepanda. Kijana akasimamisha moto, akatikisa kichwa. Tukarudi. Akaiegesha karibu na pickup, akaingia kujikinga mvua.

Baba alipanda kilimani akampata chef kwa simu. Jumapili mvua haikukata. Chef alifika Jumatatu, sehemu ya mwisho kwa miguu, suruali imejaa tope. Alikuwa amewauliza waliouza gari.

Akapiga goti mbele ya bumper. Akabandua kifuniko kidogo cha plastiki, kama biskuti. Ndani kulikuwa na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, za kufungulia capot kwa umeme wa nje.

"Moto hii ni ya nani? Inatosha."

Wakachukua betri ya moto, wakagusisha. Capot ikaruka. Wakarudisha cosse. Skrini ikawaka, inatukaribisha. Betri kubwa ilikuwa bado zaidi ya nusu.

Baba aliitazama ile moto. Ilikuwa imesimama pale pale siku zote hizo. Akachuchumaa kwenye tope, akashika kichwa.

Kurudi, tope lilikuwa baya mara mbili. Gari haikuteleza hata kidogo. Niliichukia kwa hilo.

Hospitalini daktari alifungua kitambaa, akafunga tena. "Jumamosi ningesafisha tu. Leo nakata juu ya goti."

Hospitali zetu zikikata kiungo, familia inapewa ikazike. Tulipewa katoni. Baba aliifunga kwa pagne, akaiweka nyuma ya pickup ile ile, maana chef alikuwa hajaichukua bado. Tulipita mjini polepole. Watu walikatiza mbele yetu wakipiga soga, hawatusikii. Nilitamani ikohoe.

Somo ni hili: kabla hujaingia porini na gari ya umeme, jua betri ndogo iko wapi, na jua kwa kidole chako mwenyewe inafikiwaje gari ikizimika. Mazoea ya mazutu yaache nyumbani. Nimemaliza ya magari.

Baba ameomba arudishwe kwenye pickup za zamani.

Lakini nilichofungulia uzi ni hiki. Kambo yuko kwetu sasa. Siku zote amesema akifa azikwe kijijini, pembeni ya mume wake. Jana aliniuliza mguu tumeuweka fasi gani, yaani mahali gani. Nikamwambia, makaburi ya hapa mjini. Akauliza: "Sasa nikikufwa, mutanilalisha fasi mbili?"

Mimi mwenye jibu la kila kitu, leo naomba lenu. Mwenye kujua nimwambie nini, aandike hapo chini. Utani leo hapana.