Mbuzi wa Mahari na Sindano ya Jicho

Kule Matombo, enzi za Mjerumani, hakuna aliyepokea mbuzi bila kumfunua kope la chini. Ndani pakiwa pekundu, mbuzi ana damu. Pakiwa peupe, ana maradhi, mrudishe kwenu.

Nilikuwa nimebakiza mbuzi mmoja tu wa mahari, na wa kumpokea alikuwa mjomba wa mchumba wangu, mzee ambaye hata kuku alimpima mkononi mara mbili, kama nifanyavyo mimi. Akimkataa, harusi inasogezwa hadi baada ya mavuno. Njiani mwiba ukamchoma mbuzi jicho la kulia, likawa kama pilipili iliyoiva.

Karibu na misheni alikuwa amepiga kambi daktari wa mifugo, Mjerumani, akijaribu dawa mpya ya macho. Mkalimani wake akaniambia mbuzi atachomwa sindano bure. Nikamjibu kwamba bure ni ya mgonjwa. Anayejaribiwa dawa hupewa chochote kitu. Tukavutana, nikapata kipande cha sabuni. Nikaomba cha pili, kwa kuwa mbuzi ana macho mawili.

Daktari akamchoma ndani ya kope la kulia. Punde wekundu ukafutika, mboni ikapanuka. Akaweka vidole kwenye mshipa wa paja, akatabasamu. Nami nikagusa: ulikuwa ukigonga kama mtu aliyefungiwa nje na mvua inamnyeshea.

"Dawa inabana mishipa midogo, damu haipiti jichoni," mkalimani akaeleza. "Ikisambaa mwilini, msukumo wa damu unapanda. Itaisha kabla ya jioni."

Sikungoja iishe. Jicho lilikuwa limependeza.

Mjomba aliitikia shikamoo yangu kidole kikiwa tayari kopeni.

"Marahaba. Huyu hana damu."

"Tazama la kushoto, mjomba."

Akatazama: jekundu. Akarudi la kulia: jeupe.

"Umeniletea mbuzi aliyekufa upande mmoja?"

"Amechomwa sindano na Mzungu. Damu imebanwa tu. Shika mshipa huu wa paja."

Akashika, akaachia upesi. "Lo! Anakimbia huku amesimama!"

"Sasa kama hana damu, mjomba, kinachokimbia humo ni nini?"

"Usinichuuzie, kijana. Tutakaa hapa mpaka jicho lenyewe liseme."

Tukakaa. Ndizi za kuchoma zikaletwa, zikaisha. Kila alipofunua kope, nami nilifunua baada yake, kuhakikisha. Kufika alasiri wekundu ukarudi, ukaupita hata ule wa kushoto.

"Sasa imezidi," akasema.

"Iliyozidi ni nyongeza yako, mjomba. Sidai kitu."

Mchumba wangu akacheka kutoka ndani. "Mjomba, mpokee huyo mbuzi kabla hajapofuka kwa kutazamwa!"

Mzee akaguna, akamfunga mbuzi kwenye nguzo ya baraza yake. Hapo nikajua nimeoa. Nilipoinama kushukuru, akanikamata kidevu, akanivuta kope la kulia, kisha la kushoto.

"Na wewe," akauliza, "ulipita kwa huyo Mzungu?"