Gari Lililommwagia Pombe Baba Mkwe

Wakuu, baba mkwe wangu alilowa pombe kuanzia kofia mpaka soksi kabla hata hajanipa mkono.

Aliyemmwagia si mtu. Ni gari langu.

Kabla hamjasema natunga, nendeni Murungu, kule Kibondo, mkamuulize yeyote mwenye mvi habari za gari lisilo na injini. Atacheka kwanza, ndipo awajibu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi Sylvesta nilikuwa kijana wa Kasulu, nanunua maharage vijijini na kuuza Kigoma mjini. Hela ilinifikia mapema, akili ikachelewa njiani.

Ndipo nikakutana na jamaa aliyekimbia vita Bujumbura. Wenzake walivuka mpaka na magodoro na masufuria. Yeye kavuka na gari la spoti!

La Kijapani, jekundu, limetumika lakini linang'aa. Viti viwili tu. Taa za mbele zimejificha, ukiwasha zinainuka zenyewe. Usukani uko kushoto, mtindo wa kwao.

Na injini haipo mbele. Iko katikati, mgongoni mwa viti, ina kifuniko chake. Nyuma yake kabisa ndiyo kuna buti, dogo tu.

Yeye hakuwa na pa kulipeleka, mimi sikuwa na akili. Tukaelewana.

Fundi Isihaka wa pale mjini alilizunguka, akatikisa kichwa.

"Sly, gari zuri. Ila kwa barabara zetu hizi, umenunua kiatu cha harusi ukalimie."

Sikumsikia. Mimi nilikuwa na yangu.

Yangu yenyewe aliitwa Esteri, binti wa mzee Harerimana wa Murungu. Nilimfahamu nilipokuwa nikinunua maharage kwao. Moyo wangu ulishakufa kwake, sifichi.

Siku ya kwanza nilipomwonyesha gari, pale sokoni Kibondo, alichungulia ndani akaniuliza swali moja tu.

"Mama yako akitaka kwenda kanisani, anakaa wapi?"

"Mama anapenda kutembea," nikamjibu, najichekea mwenyewe.

Esteri akatabasamu. Nikajua nimemmaliza. Kumbe tabasamu lile nililisoma kichwa chini.

Sasa, kwetu ukienda kuposa lazima ubebe pombe ya ndizi, rwarwa. Bila pombe hakuna neno. Wenyeji watawapa viti, watawauliza habari za mvua, halafu watawasindikiza mpaka barabarani. Basi, imekwisha hiyo.

Jambo la pili, mwoaji hafungui mdomo. Anayesema ni mzee wake. Wewe unakaa, unatazama chini, unapangiwa maisha.

Mzee wangu alikuwa baba mkubwa Nsengimana. Ndiye mwenye ng'ombe, na mahari ilikuwa itoke zizini kwake. Kwa hiyo siku hiyo hakuwa na furaha hata kidogo.

"Twende na lori," akasema. "Na hilo dumu la pombe liwekee majani ya mgomba mdomoni. Pombe inapumua, mwana wanje. Usiizibe pua."

Mimi niliogopa tone lisidondokee kapeti langu. Nikakaza kifuniko mpaka mwisho, nikakifunga na mpira wa tairi juu yake. Dumu nikalisukumia kwenye buti, likaegemea ukuta wa injini. Tukaondoka.

Hatujafika mbali baba mkubwa akaanza. Magoti yamegusa kidevu.

"Mbona mgongo unaungua? Nani anapika huko nyuma?"

"Injini hiyo, baba mkubwa."

"Injini inakaa na watu?"

Joto likamshinda, akalala. Sasa kumbuka usukani uko kushoto. Baba mkubwa yuko kulia, pale wanapokaa madereva wetu wote. Kofia usoni, mikono kifuani, mdomo wazi.

Tulipoingia Makere, mama mmoja alilitazama gari likimpita, akaachia jembe likaanguka.

Nikasimama niongeze maji ya rejeta. Nikainua boneti ya mbele, vijana wakajazana kuchungulia. Wakaona tairi la akiba, basi.

"Halina injini!"

"Na dereva kalala!"

Nikawaambia injini iko nyuma. Nani amsikilize abiria? Walikuwa wanamtazama baba mkubwa anavyokoroma. Lori la mkaa likasimama, likapewa habari yote, likatutangulia kuelekea Kibondo.

Ndiyo maana tulipofika Murungu hatukusikia kigelegele hata kimoja. Watu walisimama mbali, wametukodolea macho.

Na mimi kwa ujinga wangu, nikataka kuwasalimia kwa madaha. Nikawasha taa. Zikainuka.

Nusu ya akina mama wakakimbilia jikoni.

Mzee Harerimana hakukimbia. Alikuwa mzee wa kanisa, ana koti lake la Jumapili na fimbo.

"Mwiriwe," akamsalimia baba mkubwa. "Tunasikia mmekuja na gari lisilo na injini. Humu hatuozeshi kwa majini."

"Injini ipo, ndugu yangu. Nimeiegemea mimi hapa mpaka nimeiva."

"Nionyesheni."

Nikafungua mbele. Tairi. Watu wakaguna.

Nami siruhusiwi kusema! Nikaelekeza nyuma kwa kidevu. Mzee akaenda mwenyewe, akapita kifuniko cha injini bila kukijua, akafungua cha mwisho kabisa. Buti.

Ndani hamna injini. Kuna dumu la bluu, limevimba, limekuwa mviringo.

Akainama. Akalisogezea sikio.

"Linanong'ona," akasema.

Paa!

Kifuniko kilipita juu ya paa la nyumba. Povu likamvaa mzee kofia, masharubu, koti, fimbo, kila kitu.

Kuku wakatimua mbio.

Nikatazama mlango wa jiko. Esteri amesimama pale, mkono mdomoni. Nikajua nimemkosa. Pombe imemwagika, na bila pombe hakuna neno. Nikaegemea gari.

Mzee Harerimana akapitisha ulimi kwenye masharubu. Mara moja. Akarudia.

"Yebaba we! Hii imeivia wapi?"

"Njiani, mkwe," baba mkubwa akadakia. "Wengine huanza kunywesha midomo. Sisi tumeanza na koti."

Mzee akacheka, akacheka, mpaka akalishika gari asianguke. Waliobaki nao wakaangua. Kwenye dumu ilibaki kidogo chini, ikaletwa mirija, wazee wakaizunguka. Neno likapatikana.

Mazungumzo yakaenda vizuri mpaka kwenye mahari. Hapo shangazi mmoja akatoka jikoni, akamnong'oneza mzee sikioni. Mzee akashtuka, akamtazama, akakohoa.

"Ng'ombe tunawapunguzia. Nusu wabaki kwenu. Badala yake, hili gari libaki hapa."

Nikainua kichwa. Mdomo ukafunguka wenyewe.

Baba mkubwa akanikanyaga mguu kwa kisigino.

"Tumekubali!" akasema, kabla mwenzake hajafunga mdomo. "Wala hatujadili. Sisi tutarudi kwa lori."

Ng'ombe wake wamepona, mgongo wake umepona. Alifurahi kuliko bwana harusi.

Wakuu, machozi yalinitoka. Wenyeji wakanitazama kwa huruma.

"Ona kijana anavyompenda binti yetu," wakasema.

Harusi ikafungwa. Gari likakaa Murungu nyuma ya nyumba. Mzee hakuliwasha hata siku moja. Kuku wakahamia kwenye buti, wakataga humo.

Miaka ikapita. Siku moja tulikwenda kwa wakwe na pikapu yetu kuukuu. Mbele mimi, Esteri, mtoto mapajani, mama yangu dirishani. Nyuma maharage, na baba mkubwa juu ya magunia anaimba. Tukalipita lile gari, rangi imeshapauka. Nikashindwa kujizuia.

"Baba yako alinidhulumu gari langu."

Esteri akaniangalia.

"Baba? Baba analiogopa mpaka leo. Nilimtuma shangazi mimi."

Nikafunga breki katikati ya uwanja. Baba mkubwa akatutukana huko nyuma.

"Wewe? Kwa nini?"

"Nilikuuliza mama yako atakaa wapi, ukacheka. Lina viti viwili. Nikahesabu mimi, mama, watoto. Nikaona ama mimi, ama gari."

"Si ungeniambia tu?"

"Tungebishana mwaka mzima. Siku ile hukuruhusiwa kusema. Ningepata wapi siku nyingine kama ile?"

Mama yangu aliyekaa dirishani akaanza kucheka taratibu, bega linatikisika. Nikamtazama. Akageuza uso, akajifanya anahesabu kuku. Nikaelewa kwamba naye alijua siku zote.

Vijana mnaotafuta wake, mwanamke akikuuliza swali dogo, lijibu vizuri. Pengine hatalirudia, atalifanyia kazi.

Na dumu la rwarwa, kifuniko usikikaze.