Salamu za Mama kwa Mwanawe wa Ng'ambo

Hapa Koboko, kaskazini mwa Uganda, ukimtafuta Swadiki mpiga picha watu watakuuliza Swadiki yupi, lakini ukisema Ng'ambo, hata mama anayeuza mkaa barabarani atakuonyesha nyumba yetu, na jina hilo nimelipata kwa aibu yangu mwenyewe, kwa hiyo afadhali niwasimulie mimi kuliko msikie kwa hao wanaoongeza chumvi.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma shahada ya uzamili, masomo ya habari za kidijitali na sanaa za ubunifu (Mama aliwaambia majirani kwamba naenda kusomea "picha ya ndani ya simu", na kusema kweli hakukosea sana). Nafasi iko, ufadhili uko, imebaki viza tu. Basi asubuhi ya dua ya kuniaga, watu wameshakaa kwenye mikeka, mbuzi ameshachinjwa, simu yangu ikatetemeka mfukoni: barua pepe ya ubalozi. Viza imekataliwa. Niliingia chooni nikaisoma mara tatu, na nje namsikia Mama anacheka na wenzake, amevaa gomesi mpya, lile vazi refu la mabega yaliyochongoka, aliyoishona kwa ajili ya siku ile, nikasema moyoni, nitamwambia kesho.

Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu. Kesho yake wakanisindikiza hadi stendi, nikapanda gari la Kampala, nikapunga mkono, na gari lilipofika Arua, mji wa jirani, nikateremka na begi langu, nikijiambia nitakaa siku tatu nitulize kichwa, halafu nirudi niseme ukweli.

Siku tatu zikawa miezi saba.

Nilipanga chumba mtaa wa Oli, nikapata kazi kwenye studio moja inayopiga picha za harusi, na kila Jumapili nikawa nampigia Mama simu ya video. Nilitundika kitambaa cha kijani ukutani, kompyuta ikaniwekea nyuma yangu maktaba yenye dirisha la theluji (uzamili sikusoma, lakini ufundi ninao), nikavaa koti zito katika joto lile la Arua.

"Unasema huko iko baridi," Mama aliniuliza siku moja, "sasa mbona jasho inakutoka?"

"Wanawasha mashine ya joto ndani, Mama."

"Hao watu wanakutunza," akasema, na sura yake ikatulia, na mimi nikakata simu nikakaa pale na koti langu bila hata kulivua.

Sijui kama mmewahi kutamani nyumbani wakati nyumbani ni mwendo wa saa moja na kidogo. Nikimsikia kondakta anaita "Koboko! Koboko!" nilikuwa nabadilisha njia. Nilitamani kisra ya Mama, ule mkate mwembamba wa mtama, na mchuzi wake wa samaki mkavu, nilitamani hata ugomvi wa dada zangu. Na upande wa pili nilitamani kile chuo vilevile, nikawa nafungua ukurasa wao natazama picha za wanafunzi wa mwaka wangu, wamekaa studioni na kamera ambazo mimi nazijua kwa majina tu, natafuta kiti ambacho ningekaa mimi.

Sasa Jumamosi moja bosi akanituma harusi mtaa wa Mvara, palepale Arua, kwenye uwanja wa shule. Nilijua bwana harusi ni mtu wa Arua, bibi harusi sikuuliza. (Mama alikuwa ameniambia kuna harusi anakwenda, lakini siku hiyo theluji yangu ilikuwa inagandaganda kwenye skrini, nikaitikia bila kusikiliza.) Nimesimama na kamera, basi la wageni likaingia, akina mama wakashuka wakipiga vigelegele, na wa nne kushuka, gomesi ileile, alikuwa Mama.

Nilipandisha barakoa niliyovaa kwa ajili ya vumbi la uwanja, nikashusha kofia. Kukimbia siwezi, kamera imeungwa kwa waya na skrini kubwa ya wageni. Nikasema nitapiga kwa mbali tu. Lakini jamani, kamera ile ina lenzi ya kuvuta, na mkono wangu ukawa unamvuta yeye. Nilimwona ameota mvi pembeni, mvi ambazo simu haikunionyesha.

Ikafika zamu ya majirani wa bibi harusi kutoa mawaidha. Emsii akampa Mama maiki. Akawaasa maharusi vizuri, watu wakapiga makofi, halafu akanyoosha kidole kwangu.

"Wewe mutu ya kamera, kuja karibu. Mimi iko na mtoto anasoma ng'ambo mambo kama hii yako. Nataka kumtumia salamu."

Nikasogea. Ningefanyaje? Akatazama ndani ya lenzi, na mimi nina hedifoni masikioni, sauti yake ikaingia karibu kuliko ilivyowahi kuwa miezi yote saba.

"Swadiki, mtoto yangu. Chakula ya huko kama haikupendi, sema. Masomo kama inakushinda, rudi tu, mimi sitakuuliza kitu. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama," nikajibu.

Nilijibu kama ninavyojibu siku zote, na maiki ilikuwa karibu, uwanja mzima ukasikia. Mama akashusha maiki. Mimi nikarudi nyuma haraka, mguu ukanasa kwenye waya, nikaanguka chali, barakoa huku, kofia kule, na kamera ikaniangukia kifuani, lenzi imenielekea usoni, kwa hiyo wageni wote mia tatu wakauona uso wangu kwenye skrini, mkubwa kama nyumba, mdomo wazi.

Emsii, Mungu amsamehe, akauliza, "Mama, ng'ambo yenyewe ndiyo hii?"

Watu walicheka mpaka bibi harusi akashika tumbo. Mama hakucheka. Alikuja, akachuchumaa, akanishika shavu.

"Mimi nalia kila siku nasema mtoto iko mbali, kumbe wewe iko hapa Arua?" Kisha akasema, "Umekonda."

Nilimalizia kupiga harusi ile huku nalia, na picha nyingi hazikutulia. Jioni nikapanda basi la wageni, nikarudi nyumbani katikati ya wimbo walionitungia njiani.

Nimeomba tena masomo yaleyale, maana hamu yake haijanitoka hata kidogo. Jibu la viza bado. Nimeapa kwamba likija nitalisoma kwa sauti mbele ya Mama, neno kwa neno, hata kama kuna wageni. Nilipomwambia hivyo alikuwa anapepeta mtama, hakuinua kichwa.

"Kama wanakataa tena," akasema, "wakukatae ukiwa hapa. Chakula iko."